Nyumba kando ya Bahari: Je, Kulipa Bei Kwatosha?



Mtu akijenga nyumba kijijini, wote huona kazi yake. Huona miti ikikatwa, udongo ukikandwa, majani yakiezekwa; tena hujua ni nani atakayelala ndani. Tukikuta nyumba nzima isiyo na mtu, twauliza mara moja: Mwenyewe amekufa? Amehama? Ana ugomvi na jamaa zake? Kwetu nyumba na mtu hufuatana kama chungu na mafiga.

Lakini ziko pwani nyingine za dunia ambako nyumba maelfu na maelfu hufungwa madirisha sehemu kubwa ya mwaka, na wenyewe wa hai, tena hawana ugomvi na mtu. Wamezinunua kwa bei kali, na wakiisha kuzinunua hukaa ndani majuma machache tu. Leo tuzungumze habari za nyumba hizo. Msiseme: Mambo ya mbali hayatuhusu. Yatuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, moja ya nyumba hizo ilinunuliwa kwa jasho la babu zetu, kama mtakavyoona. Pili, ndani ya habari hizi limo ulizo linalompasa kila mwenye mali, hata mwenye shamba dogo la mihogo. Ulizo ndilo hili: Mtu akinunua kitu kwa fedha yake, na sheria ikafuatwa, je, amemaliza wajibu wake?

Wengi hujibu upesi: Ndiyo, amemaliza, asisumbuliwe. Wengine hujibu upesi vilevile: Hapana, kila tajiri ni mwizi. Majibu yote mawili ni ya haraka. Sisi tuende polepole.

1. Mahali penyewe

Kusini ya Ufaransa iko bahari iitwayo Mediteranea. Imezungukwa na Ulaya, Asia na Afrika ya Kaskazini. Kati ya mji wa Nice na mpaka wa Italia milima mirefu yashuka karibu mpaka majini. Milima hiyo huzuia upepo wa kaskazini. Kwa hiyo hata wakati wa baridi, watu wa Paris na London wanapotetemeka, kule kwa Menton malimau huiva mitini.

Zamani pwani hiyo ilikuwa ya watu wenye hali ndogo. Walivua samaki, walitunza mizeituni, walipanda mizabibu katika mawe. Mwaka 1860 nchi ya Nice iliingia katika utawala wa Ufaransa, na mwaka 1864 reli ikafika Nice. Ndipo wageni walipozidi. Kwanza walikuja wagonjwa wa kifua, waliotumwa na waganga wao kutafuta jua. Wengi walizikwa hukohuko. Halafu wakaja wafalme, wakuu na wafanya biashara wakubwa. Mwaka 1887 mwandishi mmoja, Stéphen Liégeard, alitoa kitabu akaiita pwani hiyo Côte d'Azur, maana yake Pwani ya Samawati, na jina hilo likashika mpaka leo.

Maskini waliipata bahari hiyo baadaye sana. Mwaka 1936 serikali ya Ufaransa iliamuru kila mfanyakazi apewe kila mwaka majuma mawili ya kupumzika, na mshahara wake usikatwe. Mwaka huo watu wa viwanda walipanda gari la moshi pamoja na watoto wao, wakaona bahari, wengi kwa mara ya kwanza maishani.

Kati ya Nice na Monaco iko rasi moja yenye miti na mawe, iitwayo Cap Ferrat. Juu yake kipo kijiji cha Saint-Jean, kilichokuwa cha wavuvi. Mwaka 1904 kilitengwa na mji wa Villefranche, kikapewa serikali yake ndogo. Eneo lake lote halifiki kilomita za mraba 3. Mtu mwenye miguu mizuri aweza kulizunguka kabla ya chakula cha mchana. Lakini leo ni moja ya mahali ambapo ardhi ina bei kali kupita pote duniani. Hapo ndipo tutakaposimama ili tufikiri.

2. Jinsi nyumba inavyonunuliwa

Tuweke mfano. Fundi seremala wa kaskazini ya Ufaransa amefanya kazi miaka 40. Magoti yanamwuma, na ua wa nyumba yake ni wa ukungu na mvua. Yeye na mke wake wameweka akiba kidogo kidogo. Sasa wataka kununua vyumba viwili vya ghorofa kule Menton, wapate jua wakati wa uzee. Wafanyeje?

Kwanza hupatana bei na mwenye nyumba, wakaandika mapatano. Sheria humpa mnunuzi siku 10 za kufikiri tena. Akibadili nia katika siku hizo, haumii hata kidogo. Huweka arabuni, ambayo mara nyingi haizidi moja ya kumi ya bei. Kisha kazi huingia mkononi mwa notari, ndiye mtu wa sheria aliyewekwa na serikali kwa kazi hiyo. Notari huchunguza: Je, anayeuza ndiye mwenye nyumba kweli? Liko deni juu yake? Jirani ana haki ya kupita uani? Kazi hiyo huchukua miezi kama mitatu. Siku ya mwisho wote huketi mbele yake, mkataba husomwa kwa sauti, sahihi hutiwa, funguo hutolewa. Juu ya bei yenyewe, kwa nyumba ya zamani, mnunuzi huongeza kodi na malipo mengine yapata 7 au 8 katika kila 100. Baadaye kila mwaka hulipa kodi ya ardhi, pamoja na fungu lake la kutengeneza ngazi na paa, kwani ghorofa ni ya wengi. Tena, ikiwa hakai pale siku zote, hulipa kodi nyingine ambayo tangu mwaka 2023 watu hawalipi tena kwa nyumba wanamokaa daima.

Mwaona jinsi sheria ilivyo na uangalifu. Basi, nani atamlaumu fundi seremala? Si mimi. Amelipa kwa jasho lake, hakumdanganya mtu, na kupenda jua si kosa. Lakini hata yeye, akiisha kupokea funguo, nyumba yenyewe yamwuliza maulizo manne. Na tajiri mwenye jumba kubwa yamwuliza maulizo yaleyale, kwa sauti kubwa zaidi.

3. Ulizo la kwanza: Fedha imetoka wapi?

Hapa habari za Cap Ferrat zakutana na habari zetu.

Leopold wa Pili alikuwa mfalme wa Wabelgiji. Tangu mwaka 1885 hadi 1908 Kongo haikuwa koloni ya Ubelgiji. Ilikuwa yake yeye, na hakufika huku hata siku moja. Wakati huo watu wa Ulaya walianza kutumia magurudumu ya mpira yaliyojazwa hewa, na mpira ukawa na bei kubwa. Mpira wa Kongo ulitoka katika kamba za mwituni. Vijiji viliamriwa kuleta vikapu vya mpira. Kisipotosha kipimo, askari na makapita walikamata wanawake wakawafunga mpaka waume zao walete. Wengi walipigwa, wengi waliuawa, vijiji vilikimbilia porini. Mikono ya watu ilikatwa, ipelekwe kwa wakubwa kuwa ushuhuda kwamba risasi haikupotea bure. Mambo hayo si hadithi ya kutisha watoto. Yaliandikwa na balozi wa Uingereza, Roger Casement, na habari zake zikatolewa mwaka 1904. Tena tume ambayo mfalme mwenyewe aliituma iliyathibitisha mengi mwaka 1905.

Mwaka 1896 mfalme alijitengea nchi kubwa kando ya ziwa ambalo leo laitwa Mai-Ndombe. Mapato yake yalikwenda katika mfuko wake mwenyewe. Kwa utajiri wa Kongo alijenga majumba na milango mikubwa ya fahari kwao Ubelgiji. Tena alinunua ardhi Cap Ferrat, kipande baada ya kipande, mpaka sehemu kubwa ya rasi ile ikawa yake. Mwaka 1904, mwaka uleule wa habari za Casement, alinunua jumba liitwalo Les Cèdres, lenye bustani kubwa inayotazama ghuba ya Villefranche. Alikaa huko wakati wa baridi, akatembea chini ya miti. Alikufa mwezi wa Desemba 1909.

Basi, tufikiri. Muuzaji wa ardhi ile alilipwa? Alilipwa. Karatasi zilitiwa sahihi? Zilitiwa. Wala hakuna mtu wa Saint-Jean aliyeweza kusema: Mfalme ameniibia. Kwa upande ule wa bahari biashara ilikuwa safi. Aliyeibiwa alikuwa mbali, katika msitu, naye hakujua kwamba kikapu chake cha mpira kimegeuka kuwa bustani. Kwa sababu hiyo nasema: haki ya kununua haianzi mezani pa notari. Huanza pale fedha ilipochumwa. Amri isemayo usiibe haivunjwi na mwizi peke yake siku ya kuiba. Huendelea kuvunjwa kila siku anapokalia kitu cha mwenzake na kukiita changu.

Lakini msikie na jambo la pili, msije mkasema: Hayo ni makosa ya Wazungu tu. Katika pwani ileile, upande wa mashariki wa Monaco, iko rasi ya Roquebrune-Cap-Martin. Huko Raisi Mobutu Sese Seko, aliyetawala nchi yetu tangu 1965 hadi 1997, alikuwa na jumba liitwalo Villa del Mare. Mwaka 1996, akiwa mgonjwa, alipumzika huko hali nchi yake ilikuwa ikiingia vitani. Katika miaka ile ya mwisho walimu na waganga wa serikali walikaa miezi bila mshahara, na barabara zililiwa na majani. Kila mtu ajua kwamba mkono wake haukutengana na hazina ya taifa. Bahari ileile, jua lilelile, na kosa lilelile. Rangi ya ngozi haikubadili kitu.

Siku hizi sheria yenyewe imeanza kuuliza ulizo hili. Notari wa Ufaransa ashurutishwa kuchunguza fedha ya mnunuzi, na akiona shaka kubwa lazima aipashe serikali habari. Tena mwaka 2021 Ufaransa iliweka sheria ya kwamba mali iliyonunuliwa na wakubwa wa nchi nyingine kwa fedha waliyowaibia watu wao, ikiisha kunyang'anywa na mahakama, bei yake iwarudie watu wa nchi ile kwa kazi za kuwafaa. Sheria hiyo ilikuja marehemu, lakini ni njema.

Jumba la Les Cèdres liliendelea kuuzwa. Mwaka 1924 lilinunuliwa na jamaa yenye kiwanda cha pombe, waliotunza miti yake kwa bidii. Mwaka 2019 liliuzwa tena kwa euro milioni 200. Pengine mtu ataniuliza: Je, hao wanunuzi wa baadaye ni wezi? Namjibu: Hapana. Hawakumfunga mwanamke wa mtu, wala hawakutuma makapita. Aliyenunua kwa haki, bila hila, hachukui hatia ya mfalme. Lakini asiseme kwamba jumba halina historia. Akijua mwanzo wake, wajibu wake wa kwanza ni kusema kweli juu yake, asiufiche kwa maua.

4. Ulizo la pili: Ni nani aliyekuwa hapa kabla yangu?

Turudi kwa fundi seremala. Fedha yake ni safi. Hata hivyo, amekuja mahali penye watu.

Katika wilaya ya Alpes-Maritimes, ambayo ndiyo wilaya ya pwani hii, karibu nyumba moja katika kila nne si ya mtu anayekaa pale daima. Ni nyumba ya mapumziko. Kila mgeni anayekuja na fedha nyingi huinua bei kidogo, hata asipotaka. Wageni wakiwa elfu, bei hupanda kama maji ya mto wakati wa masika. Mjukuu wa mvuvi aliyerithi nyumba ya babu yake huuza na kufurahi, na hakuna aliyemlazimisha. Lakini mwenzake, asiyerithi kitu, ambaye ni mpishi wa hoteli au dereva wa basi au mwuguzi wa hospitali, hawezi tena kununua hata kibanda katika kijiji alichozaliwa. Hukaa mbali, nyuma ya vilima, na kila asubuhi hupanda gari la moshi ili aje kufagia, kupika na kutibu pale asipoweza kulala.

Hapa watu hutoa neno la kupinga, na ni neno zito. Wasema: Muuzaji amependa kuuza, mnunuzi amependa kununua, nani ameonewa? Wengine huongeza: Tena matajiri huleta kazi. Bila wao, nani angewalipa watunza bustani na waashi?

Nakubali kwamba kazi imekuja. Rasi ya wavuvi haikuweza kulisha watu wengi, na mwashi aliyejenga ukuta wa jumba alipeleka unga nyumbani. Asiyekubali hilo asema uongo. Lakini patano la watu wawili laweza kuwa la haki kati yao, na bado likamwumiza wa tatu ambaye hakuitwa shaurini. Sisi twalijua jambo hili vizuri. Chifu akimwuzia mgeni kisima, chifu amependa, mgeni amependa. Lakini wanawake wa kijiji watachota wapi? Ndiyo sababu wenye hekima hawasemi tu: Wawili wamepatana. Huuliza: Na wa tatu?

Sheria ya Ufaransa imejaribu kumkumbuka wa tatu. Tangu mwaka 2000 miji yenye watu zaidi ya 3,500, katika sehemu zenye miji mikubwa, yapaswa kuwa na nyumba za kupangisha kwa bei nafuu. Kwa miji mingi hesabu ni nyumba 25 katika kila 100. Lakini miji mingi ya pwani hii haijafikia hesabu hiyo, na hulipa faini. Na Saint-Jean-Cap-Ferrat ni kijiji kidogo mno, sheria haikigusi. Hapo sheria inaponyamaza, zamiri ya mtu ndiyo inayobaki kusema.

5. Ulizo la tatu: Nyumba yangu yafanya kazi gani?

Nyumba imeumbwa na mikono ya watu kwa kazi moja: kuwafunika watu. Yaweza pia kupendeza macho, kulinda akiba, kuonyesha heshima. Hayo yote ni nyongeza. Nyumba ambayo haifuniki mtu, ila yalinda fedha tu, imegeuka kuwa sanduku.

Hapa nataka kuwakumbusha jambo la zamani. Tarehe 1 Julai 1885 serikali ya Leopold ilitoa amri ya kwamba ardhi yote isiyo na mwenyewe ni mali ya Serikali. Maneno hayo yasikika kama maneno ya akili. Lakini ardhi ipi haikuwa na mwenyewe? Wakubwa walisema: Mashamba na vibanda ni vya watu, msitu ni mtupu. Kumbe msitu haukuwa mtupu. Watu waliwinda ndani, waliokota matunda, walikata miti ya kujengea, walizika wafu wao, na kila ukoo ulijua mpaka wake. Padri mmoja Myezuiti wa Ubelgiji, Arthur Vermeersch, mwalimu wa mambo ya haki, alitoa kitabu mwaka 1906 akakosoa namna serikali ya mfalme ilivyojitwalia ardhi na kuwatumikisha wenyeji. Alikuwa raia wa mfalme, lakini hakunyamaza.

Sasa linganisheni. Msitu wetu ulikuwa na watu, ukaitwa mtupu, ukatwaliwa. Jumba la Cap Ferrat ni tupu miezi kumi, lakini laitwa la mtu, na asiye na pahali pa kulala haruhusiwi hata kuegemea ukuta wake. Sisemi kwamba avunje mlango. Mwenye kuvunja mlango huanzisha fujo ambayo humwumiza maskini mwenyewe kwanza. Nasema tu kwamba neno hili "changu" lina nguvu kubwa mdomoni mwa mwenye karatasi, na nguvu ndogo mdomoni mwa mwenye kukaa na kutumia. Mtu wa haki hulitazama neno hilo pande zote mbili.

Je, mwenye jumba afanye nini? Hapohapo Cap Ferrat upo mfano. Mama mmoja tajiri, Béatrice Ephrussi de Rothschild, alijenga juu ya rasi jumba la rangi ya waridi, lililomalizika mwaka 1912, lenye bustani pande zote. Alilijaza picha, vyombo na viti vya thamani. Alipokufa, mwaka 1934, jumba lile na vitu vyake aliviachia chama cha wataalamu wa sanaa wa Ufaransa, ili watu wavione. Leo kila anayelipa kiingilio huingia, hutembea, hukaa chini ya miti. Sisemi kwamba mama huyu alikuwa mtakatifu. Maishani mwake alijifurahisha vya kutosha. Lakini nyumba yake ilipata kazi baada yake. Na fundi seremala mwenye vyumba viwili? Yeye aweza kukaa ndani kweli, kununua mkate kwa mwokaji wa mtaani hata wakati wa baridi, kujua majina ya majirani. Akirudi kaskazini miezi sita, aweza kumpangishia mwuguzi au mwanafunzi kwa bei ya kadiri, badala ya kumtafuta mpita njia mwenye fedha nyingi zaidi. Atapata kidogo, lakini dirisha litakuwa na taa.

6. Ulizo la nne: Anayepita amebakiwa na njia?

Jambo la mwisho lanipendeza kuliko yote. Katika Ufaransa ufuko wa bahari ni wa watu wote. Amri ya kale ya mwaka 1681 ilikwisha kusema hivyo. Lakini kufika ufukoni ni jambo jingine, kwani matajiri walijenga kuta mpaka mawe ya maji. Basi sheria ya tarehe 31 Desemba 1976 iliamuru kwamba kando ya bahari, hata ndani ya mali ya mtu, ibaki njia ya upana wa mita 3 kwa waendao kwa miguu. Haikupita kila mahali. Nyumba za zamani zina ruhusa zake, na pengine wenye mali walishitaki mahakamani. Lakini Cap Ferrat njia iko. Mtu asiye na senti huizunguka rasi chini ya kuta za majumba, akaona bahari ileile anayoiona mwenye euro milioni 200, na upepo humpiga usoni vilevile.

Angalieni hekima ya mita 3. Sheria haikusema: Tajiri afukuzwe. Haikusema: Maskini abaki nje. Ilisema: Mali yako ni yako, lakini si mpaka mwisho wa dunia; mpaka wake wa mwisho ni mguu wa mwenzako. Mimi nadhani kila mali ina mita zake 3. Shamba lina mita zake, duka lina mita zake, hata elimu na cheo vina mita zake. Mtu mwaminifu huzitafuta mwenyewe kabla sheria haijamwonyesha.

7. Jibu

Turudi kwa ulizo letu: Mtu akilipa bei na kufuata sheria, je, amemaliza wajibu wake?

Jibu: Amemaliza wajibu wake kwa muuzaji. Hajamaliza wajibu wake kwa waliochuma fedha ile, kwa wenyeji aliowakuta, kwa nyumba aliyoipata, na kwa anayepita. Bei hulipwa siku moja. Wajibu huu wa pili hulipwa kila siku anapokuwa na ufunguo mfukoni.

Mtu akisema: Haya ni maneno ya wivu wa maskini, nami nimjibu hivi. Wivu husema: Asiwe nacho yeye, kwa sababu sina mimi. Haki husema: Awe nacho, lakini akitumie kama mtu mwenye ndugu. Mwenye wivu akipata jumba atafunga madirisha kama wengine. Tumeyaona hayo kwa wakubwa wetu wenyewe.

Basi, msingoje kuwa na jumba kando ya bahari ndipo mfikiri. Kijana wetu akirudi kutoka mjini na fedha, akanunua uwanja karibu na mto, azifanyie kazi hoja hizi nne. Fedha hii nimeipata wapi? Nani alikuwa akilima hapa? Nitakaa kweli, au nataka tu watu waone mabati yangu? Nimewaachia wanawake njia ya kwenda majini? Akijibu vema, ale matunda ya kazi yake kwa amani.

Maulizo ya kuzungumza pamoja

1. Muuzaji amelipwa vizuri, lakini fedha ya mnunuzi imeibwa mbali. Je, muuzaji akijua, aipokee?

2. Mtu amenunua kwa haki kitu kilichoibwa zamani na mwingine. Apaswa kufanya nini?

3. Katika kijiji chetu, ni mali gani ambayo mwenyewe ameifunga wala haimfai mtu? Tungeweza kusema naye kwa maneno gani ya heshima?

4. Kila mmoja afikiri moyoni: mita zangu 3 ziko wapi?